Kuvreli (tandiko la kitanda) ya duara na mraba: namna ya kuishona kwa jinzi kuukuu na vikwembe (vitenge)

Kila mwaka, baridi ya mwezi wa tano ikianza kuuma hapa Lubumbashi, maswali yanarudi. "Yaya, kuvreli ile ya maduara unaanzia wapi?" "Mama, sahani ya kukatia duara ni ya kipimo gani?" "Mbona yako haina kitambaa cha nyuma, na mgongo wake bado ni safi?" Nimeyajibu mlangoni, nimeyajibu sokoni, nimeyajibu hata baada ya misa huku watu wanangoja kupita. Sasa nayaandika yote pahali pamoja. Kama umewahi kukaa kwenye mashini na kushona mstari ulionyooka, kazi hii unaiweza.

Iko hivi. Unakata maduara ya jinzi, na ndani ya kila duara unachora mraba ambao pembe zake nne zinagusa ukingo wa duara. Maduara unayaunganisha kwa kufuata mistari ya mraba. Kinachobaki nje ya kila mstari ni kipande kilichopinda mgongoni kama kipande cha chungwa. Mimi nakiita sikio. Kila duara lina masikio manne. Katikati unaweka kiraka cha kikwembe, unakunja masikio manne juu yake, unayashonea. Hapo uso umeshapatikana, unene umeshapatikana, na mgongo pia. Hakuna kitambaa cha nyuma cha kununua, wala hakuna siku ya pili ya kutandika pamba chini na kuipigia mishono juu kwa juu.

Neno moja la kushika kabla ya yote: duara ni la kukunja, mraba ni wa kushona. Karibu kila kuvreli iliyoletwa kwangu imepinda, mwenyewe alikuwa amefuata ukingo wa duara kwa macho badala ya mstari wa mraba aliouchora.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Jinzi kuukuu. Chagua zile nzito zisizovutika. Shika kitambaa kwa mikono miwili, kivute kwa upana. Kikirefuka kama soksi, kiache. Jinzi nyingi za kike za siku hizi zinavutika, na duara lililovutika haliwi duara tena. Kwenye friperi, soko la mitumba, uliza suruali za wanaume zenye miguu mipana, hata kama zipu imekufa au mkanda umechanika. Hizo bei yake inashuka, na sisi zipu hatuihitaji.

Salopeti za kazi, yaani ovaroli, nazo ni kitambaa kizuri sana. Kuvreli yangu ya kwanza niliishona kwa salopeti za baba, aliyefanya kazi Gécamines, kampuni ya migodi ya shaba. Magoti yalikuwa yamekwisha na viwiko pia, lakini mgongo wa salopeti huwa mzima mpaka mwisho, na ni mpana. Hapo pekee unatoa maduara manne bila kubana. Angalia kitu kimoja. Salopeti iliyofanya kazi kwenye viwanda vya shaba inaweza kuwa imerukiwa na asidi. Asidi inakula pamba polepole. Kitambaa kinaonekana kizima, ukikifua mara mbili kinafunguka matundu madogo kama ya nondo. Kabla ya kukata, kinyooshe mbele ya dirisha, tafuta madoa yaliyopauka au kuwa ya manjano, halafu vuta hapo kwa nguvu. Kikichanika, shukuru kimechanika sasa.

Vikwembe kwa viraka vya ndani. Si lazima ununue. Mafundi wa soko la Kenya na wa Katuba, mitaa ya hapa Lubumbashi, wanafagia vipande kila jioni, na kiraka chetu ni cha sentimita 13.5 tu, kipande kilichobaki kwenye kukata mkono wa blauzi mara nyingi kinatosha. Nenda kwa heshima, mwombe fundi akuwekee, mpelekee mfuko wako mwenyewe. Ukitaka kuvreli yote iwe ya kikwembe kimoja, kikwembe cha yadi 2 kinatoa viraka zaidi ya 100.

Blanketi kuukuu la kukatakata. Hili linaingia chini ya kikwembe, halionekani. Kwa baridi ya mwezi wa sita na wa saba ni lazima. Ukishona ya kutandika tu kwa uzuri, liache.

Uzi wa poliesta wenye nguvu. Uzi wa pamba wa bei ndogo unakatika kwenye jinzi. Chukua rangi moja kwa kuvreli nzima, na ununue wote siku moja, kwa sababu buluu ya leo na buluu ya wiki ijayo hazifanani.

Sindano za mashini namba 16. Kwa salopeti nzito sana, namba 18. Nunua angalau tano.

Mashini. Ya miguu inafaa kabisa, na kwa jinzi naipenda kuliko ya umeme, kwa sababu unaweza kwenda mshono mmoja mmoja pahali penye unene.

Pasi. Ya makala, yaani makaa, inatosha, na umeme ukienda katikati ya kazi ndiyo itakayokuokoa.

Makasi makali ambayo hayajawahi kukata karatasi, chaki au kipande cha sabuni kikavu, pini nyingi, rula, utepe wa kupimia, wembe wa kufumulia, karatoni ngumu au mfuniko wa plastiki wa kukatia patroni, yaani kipimo cha kufuatisha unapochora.

Hesabu ya maduara

Mimi natumia duara la sentimita 20 kutoka ukingo hadi ukingo. Mraba unaoingia ndani yake una sentimita 14 kila upande. Hii 14 ndiyo unayohesabia kitanda, usihesabie 20.

Kuvreli ya mtoto: maduara 8 kwa upana na 10 kwa urefu, jumla 80. Inatoka sentimita 112 kwa 140.

Kuvreli ya kitanda cha watu wawili: 13 kwa 15, jumla 195. Inatoka sentimita 182 kwa 210.

Suruali moja ya mwanamume hunipa maduara 8 hadi 10. Kwa ya mtoto, basi, tafuta suruali kumi. Kwa ya wakubwa unahitaji zaidi ya ishirini, na ujue kwamba ikimalizika, pamoja na blanketi la ndani, inakaribia kilo nne. Ikilowa ni mzigo wa watu wawili. Kama hii ni mara yako ya kwanza, shona ya mtoto. Nasema hivi kwa sababu nimeona maduara mengi yamekatwa kwa moyo wote, yakakaa miaka kwenye mfuko chini ya kitanda.

Ukitaka kipimo kingine: upana wa duara zidisha kwa 7, gawa kwa 10, umepata upande wa mraba. Duara la 30 linatoa mraba wa 21.

Kazi yenyewe

1. Fua kila kitu. Jinzi, vikwembe, blanketi, vyote, hata kama vinaonekana safi. Kikwembe kipya kina wanga na kinarudi nyuma kikipata maji. Jinzi nyeusi na buluu nzito zinatoa rangi. Zifue peke yake mpaka maji yatoke karibu meupe. Kupima, lowesha kitambaa cheupe, kiweke juu ya jinzi, pitisha pasi ya moto. Cheupe kikitoka na doa, rudisha jinzi kwenye beseni.

2. Tengeneza patroni mbili. Kwenye karatoni, choma pini katikati, funga uzi wenye penseli umbali wa sentimita 10 kamili, zungusha. Umepata duara la 20. Sasa chora mstari unaopita katikati kutoka ukingo hadi ukingo, na wa pili unaoukata kama msalaba ulionyooka. Mistari hii inagusa ukingo pahali pane. Unganisha pointi hizo nne kwa rula, na mraba umejitokeza wenyewe, bila hesabu. Kata patroni ya duara na patroni ya mraba, kila moja kivyake.

Karatoni inachakaa pembe. Baada ya maduara 30 hivi, mraba wa 14 unakuwa wa 13.8 na wewe hujui. Ukiwa na mfuniko wa beseni au plastiki nyingine ngumu, katia hapo patroni ya mraba. Ukitumia karatoni, tengeneza tatu kabisa na ubadilishe.

3. Fungua suruali. Kata kufuata mishono ya pembeni na ya ndani, utupe mishono ile minene. Usijaribu kuiweka ndani ya duara. Kila mguu unakupa vipande viwili, cha mbele chembamba na cha nyuma kipana. Mifuko ya nyuma ifumue kwa wembe: jinzi iliyokuwa chini ya mfuko haikupigwa jua na ina buluu nzito ya kupendeza, nami huyatafutia maduara hayo pahali pa katikati ya kuvreli.

4. Kata maduara. Chora duara kwa mgongo wa kitambaa, ule upande uliopauka. Kata moja moja au mbili pamoja, si zaidi. Ukiweka jinzi nne chini ya makasi, ya juu na ya chini hazitalingana.

5. Chora mraba ndani ya kila duara, bado kwa mgongo. Hapa usiharakishe hata kidogo. Weka patroni ya mraba ili pande zake zifuate nyuzi za kitambaa, yaani mstari mmoja uende sambamba na nyuzi zinazoshuka na mwingine sambamba na zinazokata. Pembe nne ziguse ukingo wa duara. Mraba ukilala kwa mshazari wa nyuzi, upande ule utavutika chini ya mashini na mstari wako utakuwa wa wimbi.

Kosa la milimita 2 kwenye duara moja hulioni. Kwenye mstari wa maduara kumi ni sentimita 2, na hapo kuvreli inakataa kulala. Siku ya kuchora mraba mimi sichanganyi na kazi nyingine. Nakaa mlangoni penye mwanga, nafanya hamsini, napumzika.

6. Kata viraka vya ndani. Kikwembe: mraba wa sentimita 13.5. Blanketi: mraba wa sentimita 13. Ni vidogo kuliko dirisha lake, yaani ule mraba wa 14 vinamokaa, kwa makusudi, ili visiingie kwenye mshono. Wengi wanakata kikwembe 14 kamili "ili kijae vizuri". Kinajaa mpaka kinavimba, na mashini inakikunja.

7. Panga chini. Tandika maduara kwenye mkeka kwa mistari, weka viraka juu yake, simama mbali, uangalie. Kikwembe chenye rangi kali, manjano au nyekundu, kikikaa kimoja pembeni kinavuta jicho lote huko, kitawanye. Piga picha kwa simu. Halafu kusanya kila mstari kivyake, choma pini yenye karatasi ya namba juu ya duara la kwanza. Ukikosa namba, mtoto mmoja akipita mbio, kazi ya jioni nzima imekwenda.

8. Shona maduara ya mstari wa kwanza. Chukua duara la kwanza na la pili, yaweke uso kwa uso: upande wa buluu nzito wa moja uangalie upande wa buluu nzito wa jingine. Migongo yenye mistari ya chaki iko nje. Choma pini kwenye pembe ya mraba wa juu, itokee kwenye pembe ya mraba wa chini; fanya hivyo kwenye pembe zote mbili. Weka urefu wa mshono milimita 3. Shona kutoka pembe hadi pembe juu ya mstari wa chaki, ukirudi nyuma mishono mitatu mwanzoni na mitatu mwishoni. Fungua, ongeza la tatu, endelea mpaka mstari umalizike.

Hapa ndipo kosa kubwa linapotokea. Ukiyaweka mgongo kwa mgongo, masikio yatatokea upande wa buluu nzito, na ukiyakunja yataonyesha upande uliopauka. Si uharibifu, wengine wanaipenda hivyo, lakini mistari yako yote ya chaki itakuwa imefichwa ndani na hutaona pa kushona. Kabla ya kushona kila jozi, sema kwa sauti: uso kwa uso.

9. Fungua masikio kwa pasi. Geuza mstari, masikio yakuangalie. Kila mshono una masikio mawili yaliyosimama. Moja lilaze kulia, jingine kushoto, kila moja ndani ya duara lake. Kandamiza kwa pasi ya moto na maji kidogo. Kwa pasi ya makala, kwanza ipepee nje mpaka majivu yaishe, ufute uso wake kwa kitambaa kilicholowa. Cheche moja juu ya jinzi inaacha tundu, na moshi unaacha doa kwenye kikwembe.

10. Weka viraka na ushone masikio ya pembeni. Kwenye kila duara weka blanketi katikati, kikwembe juu yake, masikio ya kulia na kushoto juu ya kikwembe. Choma pini. Shona kila sikio kufuata upinde wake, milimita 4 ndani ya ukingo, ukianzia pembeni kabisa ya mraba ambapo sikio linakuwa jembamba, na kumalizia pembe ya pili. Masikio ya juu na ya chini bado yaache wazi.

Mafundi wengine wanaunganisha kuvreli nzima kwanza, ndipo wanaweka viraka. Inawezekana, lakini ujiulize kuvreli ya maduara 195 itapita wapi chini ya mkono wa mashini kila unapogeuza sikio. Ukishona masikio ya pembeni ukiwa na mstari mmoja mwembamba mkononi, nusu ya kazi inaisha kabla ya uzito kuja. Hili nililijua baada ya kuvreli mbili, na mabega yangu yanalikumbuka.

11. Unganisha mistari. Mstari wa kwanza na wa pili, tena uso kwa uso, vikwembe vikiangalia nje. Anza kuchoma pini kwenye makutano, pale mishono miwili inapokutana, kabla ya kuchoma katikati. Mshono wa juu ukae sawasawa juu ya mshono wa chini. Shona kwa kufuata mstari wa chaki kutoka mwanzo hadi mwisho bila kukata uzi. Kila ukifika kwenye makutano, acha kukanyaga, zungusha gurudumu kwa mkono mishono mitatu au minne. Sindano nyingi zinavunjikia hapa, na zinavunjika kwa haraka yetu.

Angalia kikwembe kisiteleze kikaingia chini ya mshono. Kina nafasi ya milimita 2 na nusu tu. Kikiingia, fumua sentimita chache, kirudishe, shona tena. Usiache ukisema masikio yatafunika. Kitavuta na kuacha mkunjo.

12. Shona masikio ya juu na ya chini. Baada ya kuunganisha mistari miwili, masikio yaliyobaki kati yao yamesimama safu nzima. Yafungue kwa pasi, nusu juu, nusu chini. Sasa unaweza kushona safu nzima kama wimbi: upinde mmoja, ufike pembe, sindano ikiwa chini, inua mguu wa mashini unaokandamiza kitambaa, geuza, ingia upinde wa pili. Hii ni sehemu tamu. Kila unapogeuza, dirisha moja limejifunga. Endelea kuongeza mstari mmoja mmoja, ukiikunja kuvreli iliyokwisha kama mkeka na kuiegemeza kwenye kiti nyuma ya mashini ili uzito wake usivute sindano.

13. Ukingo. Masikio ya nje kabisa, pande zote nne, yakunje ndani juu ya viraka vyake, piga pasi, shona kama mengine. Hakuna mkanda wa kuongeza. Ukingo uliokunjwa ni imara na umenyooka, kwa sababu ulikunja kwenye mstari wa mraba.

Kuhusu ncha mbichi za masikio. Mshono wa kawaida ukiuacha peke yake, ncha itatoa nyuzi kidogo baada ya kufuliwa na kuwa kama manyoya mafupi. Inapendeza na haifumuki zaidi ya hapo, kwa sababu mshono unaizuia. Kama hutaki manyoya, mashini yako ikiwa na zigzagi, pita juu ya ncha yenyewe. Mashini za miguu nyingi hazina. Kwa hizo, mistari miwili iliyo karibu inatosha.

Pahali panapokwamisha watu

Kuna tundu dogo pembe nne zinapokutana. Mishono yako iliishia kabla ya pembe. Usifumue kitu. Chukua sindano ya mkono na uzi mara mbili, shona kwa mgongo ukipita pembe zote nne mara mbili, vuta, funga fundo. Kwa maduara yanayofuata, anza mshono kwenye ukingo kabisa wa kitambaa.

Masikio hayalali, yanainuka kama majani. Mara nyingi ulishona ndani ya mraba, sikio likawa kubwa kuliko nafasi yake, au hukupiga pasi kabla ya kushona. Jaribu pasi na maji kwanza. Kama bado, pima mraba kwa rula: ukikuta 13.5 badala ya 14, shida ni mshono.

Mstari mmoja ni mrefu kuliko mwenzake. Tofauti ya sentimita 1 unaweza kuigawa: choma pini kwenye makutano yote, na wakati wa kushona weka mstari mrefu chini, meno ya mashini yatausukuma kidogo. Zaidi ya hapo, tafuta duara lililokosewa. Huwa ni moja au mawili, si yote.

Pembe ya kikwembe inachungulia kwenye kona ya dirisha. Kiraka kilikatwa kikubwa au kilihamia upande mmoja. Ikate ile ncha inayochungulia kwa makasi madogo, sukuma ncha iliyobaki chini ya sikio kwa ncha ya sindano, shona mishono miwili ya mkono.

Mashini inaruka mishono. Badili sindano kabla ya kugusa kitu kingine. Jinzi inaimaliza sindano mapema. Mimi nabadili baada ya maduara 40 hivi.

Vitanzi vya uzi upande wa chini. Watu wanakimbilia uzi wa chini, lakini kosa liko juu. Inua mguu wa mashini, toa uzi wa juu, upitishe upya kila pahali unapopaswa kupita, kisha kaza kidogo. Jaribu kwenye mabaki ya jinzi yaliyokunjwa mara mbili.

Kikwembe kinakunjamana katikati ya dirisha. Kama mkunjo ni mdogo, fua tu kuvreli, unene wa blanketi utaujaza. Kama ni mkubwa, fumua sikio moja, kinyooshe, rudishia.

Sina mashini. Basi usitumie jinzi nzito, vidole vitaumia. Tumia mashuka ya pamba au vikwembe kwa maduara pia, blanketi jembamba ndani, na mshono wa kurudi nyuma kwa mkono. Ncha za masikio ya kitambaa chepesi zikunje milimita 5 kabla ya kushonea, kwa sababu zinafumuka kuliko jinzi. Kazi ni ya miezi, na unaweza kuifanya ukiwa umekaa kwenye foleni.

Kufua na kutunza

Mara ya kwanza ifue peke yake kwa maji ya baridi na sabuni kidogo. Ikung'ute sana kabla ya kuiingiza ndani, itatoa nyuzi. Manyoya mazuri yanatokea baada ya kufua mara mbili au tatu; kata tu nyuzi ndefu, usizivute. Usiitundike kwenye kamba moja, uzito wa maji utavuta mishono. Itandaze juu ya kamba mbili au tatu zilizo sambamba, mgongo ukiangalia jua, vikwembe vikiangalia chini ili rangi zisipauke. Wakati wa kiangazi na vumbi letu jekundu, ifue asubuhi mapema na uianue kabla upepo wa mchana haujaanza kuokota udongo barabarani.

Kikwembe ndicho kinachotangulia kuchakaa, jinzi inabaki. Kikichanika, fumua masikio manne ya dirisha lile tu, toa kiraka, weka kipya, shona tena juu ya matundu yale yale ya sindano. Kwa hiyo siku unayokata viraka, kata vitano zaidi, vifunge kwenye kipande cha jinzi na uzi kidogo wa rangi ile ile, uviweke chini ya godoro la huyo utakayempa kuvreli.